Tulianza Jumatano ya Majivu

Jumapili, 23 Februari 2025

Dokta Dominique amenicheka leo nje ya kanisa, mbele ya watu, huku mvua ikitunyeshea wote sawasawa. Nilikuwa nimemweleza kwamba kwa Papa Benoît, mwenye farmasi ninapofanya kazi ya maabara, tunataka kupima kama majani ya mulolo yanashusha kolesteroli kwenye damu. Akafungua mwavuli wake taratibu, kisha akasema:

"Mama Eugénie, majani ni ya kuweka mu chungu. Dawa inatoka ku usine, ku mashini."

Watu wakacheka. Mimi nikamwambia basi aje na mwiko wake siku ya matokeo.

Miaka ishirini na sita natoa watu damu katika mji huu. Kule Kapolowe mama yangu aliwachemshia mulolo wazee waliolalamika kwamba damu yao imekuwa nzito, na hakuna aliyemwita mjinga. Lakini sitasema inaponya kwa sababu Mama alisema. Nitapima. Ikishindwa nitatamka kwa mdomo huu huu kwamba imeshindwa. Nimenunua daftari hili ili nisije nikajisahaulisha. Ninaandika Kiswahili cha vitabu, kile nilichofundishwa na masista. Wengine nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Likasi.

Ijumaa, 28 Februari

Mpango umekamilika. Watu arobaini wenye kolesteroli ya juu, na asiwepo hata mmoja anayemeza kinini, yaani vidonge vya hospitali vya kuishusha. Ishirini watapewa mulolo. Ishirini watapewa maji ya mahindi yaliyochomwa mpaka yakawa meusi kama makaa, kwa maana yana uchungu ule ule na rangi ile ile, na hayafanyi lolote. Nani anakunywa nini, anajua Masela Anne peke yake, sista wa zahanati ya parokia. Orodha ameifungia kwenye bahasha. Mimi sijui, Benoît hajui.

Benoît ni mtu kweli. Ametoa chumba, chupa na jenereta yake. Dokta akicheka, yeye anakunja mikono ya shati.

Aliuliza tuanze lini. Nikajibu bila kufikiri: Jumatano ya Majivu. Siku hiyo kila mtu yuko kanisani, nani atasahau? Na tutamaliza Wiki Takatifu, vilevile kila mtu yupo. Benoît akapiga makofi. Nami, ngoja niseme ukweli, nilijiona nina akili sana.

Jumatatu, 3 Machi

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa, ametoka mtaa wa Shituru kwa miguu, matope mpaka magotini, kuja kujiandikisha.

"Mudogo yangu, andika jina. Bantu bakiona minye niko mule, batakuya."

Ni kweli, watamfuata. Yaya ndiye sauti ya akina mama wote wa parokia. Akiimba, wewe unanyamaza. Lakini mwaka jana mkono wake wa kushoto ulikufa nusu saa nzima, na Dokta Dominique akampa kinini. Nikamuuliza kinini zile je?

"Dokta alisha kuniachisha. Alisema mwili iko muzuri."

Mtu mwingine ningemwomba karatasi ya daktari. Lakini huyu ndiye aliyenibeba mgongoni. Dada yako mkubwa unamwomba karatasi? Na kwenda kumuuliza Dominique, baada ya kicheko kile, hapana. Nikaandika: namba 17.

Jumanne, 4 Machi

Damu arobaini kabla ya saa nne. Yaya: 218. Jana usiku mji wote ulikula nyama kuaga, nyumba kwa nyumba. Wamekuja asubuhi na njaa kama nilivyowaagiza, midomo bado inanukia ngulu, nguruwe wa kukaanga.

Jumatano, 5 Machi

Majivu kwenye paji la uso, chupa mkononi. Tumeanza.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Hakuna umeme. Nimekausha majani ndani, kwenye kamba za nguo, nyumba nzima imekuwa msitu.

Jumamosi, 22 Machi

Kila Jumamosi wanakuja kuchukua chupa mpya, nami nawauliza wanajisikiaje na wamekula nini. Hilo la kula halikuwemo kwenye mpango. Ni umbea wangu tu, lakini nikianza kuandika siachi. Sombe, majani ya muhogo, na bukari, ugali wetu. Mchicha wa lengalenga na bukari. Maharagwe. Sombe tena. Kisha Jaël, jirani yangu, Mmetodisti, mwanamke wa kucheka mpaka anajifuta machozi:

"Andika ngulu. Na jana ngulu. Na juzi, ngoja nikumbuke, kuku na mafuta yake yote."

"Jaël, kolesteroli hiyo!"

"Eh, si njo maana nakunywa dawa yako?"

Nilicheka. Niliandika.

Jumatano, 26 Machi

Yaya anasema chupa yake inamfanya alale vizuri. Anaitangaza sokoni bila kuombwa.

Jumapili, 6 Aprili

Dominique alinipita mlangoni mwa kanisa. "Chungu inaivia?" Nikamwambia inachemka, akae mbali asije akaungua.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Baada ya misa nimekuta afishi, bango la karatasi, kwenye mlango wa farmasi, nyingine kwa muuza simu, nyingine kituo cha mabasi. Yaya wangu, kitambaa cha sikukuu kichwani, ameshika chupa na kucheka meno yote. Chini yake: DAMU SAFI. MULOLO YA BENOÎT. JUMATATU YA PASAKA, UKUMBI WA PAROKIA.

Nikamwambia Benoît, damu ya mwisho hatujatoa hata tone.

"Mama Eugénie, imprimerie ya kuchapa ilikuwa na nafasi wiki hii tu. Unaogopa nini? Utaona itashuka."

Nilijiambia ni furaha yake tu. Mtu aliyetoa jenereta yake usimkatie maneno kwa sababu ya karatasi. Lakini sikupenda.

Jumanne, 15 Aprili

Tumetoa damu. Imeshuka! Mmoja baada ya mwingine imeshuka. 260 sasa 215. 244 sasa 201. Nilikuwa naimba peke yangu mbele ya mashine. Nilisikia sauti ya Mama, nilimwona Dominique akimeza mwavuli wake.

Namba 17: 296.

Nikarudia. 295. Nikasafisha mashine, nikarudia na damu ya chupa nyingine. 297.

Sikuimba tena.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda Shituru mapema. Yaya alikuwa anachambua sombe barazani. Nilianza vibaya, nilianza na hasira: nikamuuliza anajificha wapi kula ngulu wakati wa Kwaresima, mwanamke anayewaongoza wenzake Njia ya Msalaba.

Akaweka sombe chini.

"Minye? Nyama? Tangu Majivu sijatia nyama mu kinywa, ata mafuta natia kijiko kimoja mu chungu ya bantu saba. Usinitukane, Eugénie."

"Basi kwa nini damu yako imepanda hivyo, Yaya? Mia mbili tisini na sita!"

Kuku wa jirani akapita akidonoa majani ya sombe, Yaya hakumfukuza. Hapo ndipo nilipojua.

"Kinini," nikasema. "Dokta hakukuachisha."

"Mulisema muntu wa kinini hataingia. Bantu balikuwa banaogopa dawa yako, banasema ni ya kienyeji, itaua bantu. Nani angekuya kama minye sikuingia?" Akaanza kulia, na mimi sijapata kumwona Yaya akilia tangu tumzike shemeji. "Dominique alikucheka mbele ya kanisa. Nilikuwa pale. Ilinichoma hapa."

Kinini zake zilikuwa ndani ya kabati, kwenye kopo la maziwa. Hajagusa hata moja tangu mwisho wa Februari.

Nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo mdogo hamwiti dada yake mkubwa. Kisha nikakaa naye kwenye sakafu, tukalia pamoja mpaka sombe ikanyauka. Kosa si lake peke yake. Karatasi moja ya daktari! Niliogopa kumvunjia heshima, na niliogopa kujishusha mbele ya Dominique. Kwa kiburi changu ningemzika.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimempeleka kwa Dominique. Nilimweleza yote, nimesimama, sikuketi hata aliponionyesha kiti. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alimpima Yaya shinikizo la damu mara mbili, akamshika ule mkono wa kushoto akamwambia abane, abane tena. Akamrudishia kinini zake na kumfokea kama mtoto. Yaya alikubali kufokewa. Mimi pia.

Alasiri Masela Anne akafungua bahasha. Tulikuwa watatu mezani: yeye, mimi, Benoît.

Waliokunywa mulolo: damu imeshuka, kwa wastani, 30.

Waliokunywa mahindi ya kuungua: 31.

Masela akasoma mara ya pili, akiweka kidole chini ya kila mstari. Benoît alicheka kidogo, akasema labda mahindi nayo ni dawa.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Niko nyumbani, mvua haikati, labda ndiyo ya mwisho. Sijala. Nimelaza daftari la Jumamosi pembeni ya karatasi za damu, nikaanza kusoma umbea wangu.

Sombe. Sombe. Maharagwe. Lengalenga bila mafuta. "Bia? Mama Eugénie, bia tena mu Kwaresima?" Ukurasa baada ya ukurasa. Halafu Jaël na ngulu wake.

Damu ya Jaël: 239 mwanzoni, 241 mwishoni.

Nikawatafuta wengine wasio Wakatoliki. Wako tisa. Sita walikunywa mulolo, watatu mahindi. Hakuna hata mmoja aliyeshuka kwa kiasi cha maana. Mmoja amepungua mbili, wengine wamepanda mbili, tatu, nne. Nikawarudia Wakatoliki, thelathini na mmoja. Ukimtoa Yaya, wote wameshuka, mulolo kwa mahindi.

Nilisimama. Nilikwenda mpaka mlangoni nikarudi.

Si mulolo. Ni Kwaresima! Tuliwapima asubuhi baada ya usiku wa kuaga nyama, tukawapa chupa siku ya Majivu, kisha wakakaa wiki sita bila nyama, bila bia, na mafuta ya kuhesabu kwa kijiko. Halafu tukashangaa damu imeshuka. Na siku ya kuanza nani aliichagua? Mimi! Laboranti wa miaka ishirini na sita, Mkatoliki tangu tumboni, niliichagua siku hiyo kwa sababu hakuna anayeisahau, na nilisahau mimi kile watu wanachofanya siku hiyo. Mpagani asingekosea hivi.

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Kisha nikaandika yote kwa wino.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimempelekea Benoît. Alisoma mpaka mwisho, sitasema uongo juu yake, alisoma kila mstari. Kisha akaikunja karatasi.

"Bon. Tutaandika kundi ya mulolo peke yake. Kushuka 30. Ni kweli ama ni uongo?"

"Ni kweli, na ni uongo."

"Mama Eugénie, bantu banaamini. Kuamini ni dawa vilevile. Chupa mia sita ziko mu depo. Tutapima tena kisha, pole pole, vizuri. Weka sahihi hapa tu."

"Kuna mmoja alipanda karibu themanini. Alitupa kinini zake kwa ajili ya chupa yako."

"Mugonjwa mumoja haiko kintu."

Sikumtajia ni nani. Jina la mgonjwa halitoki mdomoni mwangu, hata siku kama hiyo. Lakini nilitazama ukutani nyuma yake, Yaya akinichekea kwenye afishi, na nikahisi damu inapanda mpaka masikioni. Wiki sita nilimwona mtu huyu kuwa ngao yangu. Kumbe tulikuwa tunapigana na Dominique kwa sababu mbili tofauti. Mimi nilitaka kujua. Yeye alitaka kushinda.

Nikamrudishia kalamu. "Tafuta mkono mwingine."

"Bila sahihi yako, kazi haiko."

"Basi haiko."

Sikuwa shujaa. Nilipofika kona nilishika ukuta wa nyumba ya watu.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Misa. Mji wote unanukia nyama. Yaya amekula kuku, kipande kimoja, bila ngozi, nimemlinda kama polisi. Nilimweleza habari ya Kwaresima na ya sahihi. Alitafuna, akatafuna, akapangusa vidole.

Jumatatu, 21 Aprili

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilikwenda na karatasi zangu, nimeamua kusimama na kusoma namba hata wanitoe kwa nguvu. Masela Anne aliketi kando yangu na bahasha yake mapajani. Dominique alikuwa nyuma kabisa, bila mwiko.

Benoît aliongea vizuri. Anajua kuongea. Kisha akasema, na sasa ushuhuda, yule mnayemjua wote, Mama Georgette wa Shituru! Vigelegele. Nilijaribu kumshika Yaya kitenge, akaufukuza mkono wangu kama nzi.

Akachukua mikro ya kuongelea. Alingoja vigelegele vikome.

"Bantu ba Mungu. Ile sirupu nilikunywa wiki sita, ata siku moja sikukosa. Kolesteroli yangu ilikuwa 218. Sasa ni 296."

Ukumbi ulidhani anatania. Wengine walicheka.

"Musicheke. Juu minye nilitupa kinini ya dokta, njo niingie mu hii kazi. Nilimudanganya mudogo yangu. Mwaka ilipita mukono yangu ilikufa, mwote munajua, mulikuya kuniombea. Na nilitupa kinini! Benye balishuka, ni Kwaresima ilibashusha, haiko sirupu. Kama iko muntu hapa alitupa kinini yake juu ya ile foto yangu, anyanyue mukono nimuone."

Benoît alikuwa anaelekea kwenye mikro. Lakini nani atamnyang'anya Georgette mikro ndani ya parokia yake?

Mkono mmoja ukanyanyuka, wa mzee wa reli. Kisha mwanamke mwenye mtoto. Kisha upande wa dirishani, mitatu pamoja. Nilihesabu nane. Nane, ndani ya wiki moja, kwa afishi peke yake! Nilisimama nikasoma namba zangu, lakini kwa kweli hazikuhitajika tena. Dominique alikuwa tayari amepita mbele, ametoa kalamu, anaandika majina ya wale nane ili waje kesho asubuhi.

Yaya alimaliza hivi: "Na weye, Papa Benoît, toa sura yangu ku ile karatasi."

Mlangoni Benoît aliniambia nisirudi kazini. Hakupiga kelele. Macho yake yalikuwa mekundu na nilimhurumia, dakika moja.

Jumatano, 30 Aprili

Siku tisa bila kazi. Nimefua kila kitambaa cha nyumba hii.

Afishi zimetoka, isipokuwa ya kituo cha mabasi, hiyo nimeichana mwenyewe mchana kweupe.

Dominique kanisani: "Si nilikuambia? Majani haina kintu."

Watu waligeuka kusikiliza, kama mwezi wa Februari. Nikamwambia: "Dokta, mimi sijaonyesha kwamba mulolo haifai. Nimeonyesha kwamba nilipima vibaya. Hayo ni mambo mawili, na wewe umesoma kuliko mimi, unayajua. Nitapima tena. Na safari hii hakuna anayeingia bila karatasi yako, yenye sahihi yako, kwamba hana kinini aliyoitupa. Utakataa?"

Alitazama viatu vyake. Alisema mashine ya hospitali inakaa bure kila Alhamisi alasiri.

"Ni ndiyo hiyo?"

"Ni Alhamisi," akasema, akaenda zake.

Jumapili, 11 Mei

Masela Anne anauliza siku. Tumepekua kalenda yote, ya kwetu na ya Wametodisti. Siku za kufunga, harusi, sikukuu. Jaël ameapa atakula ngulu mwaka mzima kwa ajili ya sayansi.

Jumatatu, 2 Juni

Anga safi, baridi asubuhi, vumbi limeanza. Leo tumeandikisha, kwenye zahanati ya parokia. Watu thelathini na wawili wamerudi, wale wale, niliowakosea, na wakanyoosha mikono. Nilimwambia kila mmoja kwamba inawezekana kabisa mulolo haifanyi lolote. Hakuna aliyeondoka.

Saa tano Yaya akaingia. Alhamisi iliyopita damu yake ilisoma 221, na kinini anameza mbele ya mjukuu wake kila jioni. Akavuta kiti, akaweka kiwiko mezani, mkono wa kushoto.

"Andika jina."

"Hapana, Yaya."

"Andika, nasema."

"Wewe unameza kinini. Huingii. Wala mwaka huu wala mwaka ujao."

Akasimama. Mbele ya foleni nzima aliniuliza nani alinifundisha kutembea. Aliniita mtu wa shukrani ya punda. Alisema hatakanyaga tena kwangu, hatanipikia tena sombe, na Noeli nitakula peke yangu na mashine yangu. Watu walitazama chini. Alipiga mlango mpaka chupa zikagongana, na nilimsikia bado anafoka anapovuka barabara, sauti ile inayonyamazisha kanisa zima.

Anune. Anune mpaka Noeli, anune na ya mwaka ujao pia. Nimeita anayefuata.